Profesa Aliyechelewesha Chai

Cheo cha uprofesa tulimpa sisi, si chuo. Miaka yote niliyofanya kazi naye pale kituo cha ushauri cha Schaerbeek, hapa Brussels, mlangoni pake paliandikwa jina lake na chini yake neno moja tu: mtafiti. Wamama wa Kikongo waliokuja kwake hawakuwa na shughuli na neno hilo. Mtu mwenye vitabu mpaka dirishani, anayekuuliza habari za nyumba yako na kuandika majibu kwa kalamu ya risasi, huyo ni profesa, basi. Mwanzoni alijaribu kuwarekebisha. "Mimi si profesa, maman." "Ndiyo, Profesa," wakamjibu. Baada ya miaka kama mitatu alichoka, akawa anaitika.

Mimi aliniita Mwalimu, kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi Lubumbashi kabla ya kuja huku. Brussels nzima hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Asubuhi nilikuwa naogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, na huko nilikuwa "madame", au sikuwa na jina kabisa. Mchana nikipanda ngazi za kituo nasikia, "Mwalimu, umechelewa." Hata kukaripiwa kwa jina hilo kulinifurahisha, nikavua koti langu nimenyoosha mgongo.

Yeye alikuwa mwanamke wa Kituruki. Alikuja Ubelgiji kusoma saikolojia na hakurudi kwao. Utafiti wake ulihusu familia za Kituruki: nani anaamua nyumbani, nani anahudumia, nani ananyamaza, na nini kinatokea siku mmoja wao anapochoka na nafasi aliyopewa. Siku tatu kwa wiki aliziweka karatasi pembeni na kuwapa ushauri watu waliokwama. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sisi Wakongo tulikuwa tumeanza kugonga mlango ule, wengine wa Katanga kama mimi, wengine wa Kivu waliofika wakiwa wakimbizi. Kituo kikatafuta mtu wa kutafsiri Kiswahili chetu kwa Kifaransa. Ndivyo nilivyoingia.

Cha kwanza ambacho mtu angekiona kwake ni chai. Familia ikifika aliwasalimu mlangoni, mmoja mmoja, mkubwa na mdogo. Akawaonyesha chumba chenye viti ambavyo havikufanana hata viwili, akasema, "Kaeni mnapopenda, naweka chai." Kisha akaenda jikoni na kuacha mlango wazi kiasi cha kiganja. Chai ya Kituruki hupikwa kwa mabirika mawili, moja juu ya jingine, na haitaki haraka. Lakini ya Profesa ilizidi. Robo saa, dakika ishirini, mara nyingine nusu saa kamili. Wiki ya kwanza nilidhani ni uvivu. Nikamwambia, "Profesa, nikusaidie chai? Watu wanangoja."

"Mwalimu," akanijibu, "kazi imeshaanza."

Na kweli ilikuwa imeanza. Watu wakiachwa peke yao na viti, wanajipanga wenyewe jinsi wanavyoishi. Baba anachukua kile chenye mikono. Mtoto anayependwa anakaa karibu na dirisha. Yule ambaye hana pa kukaa ndani ya familia anabaki amesimama, anajifanya anatazama picha ukutani. Kisha wanaanza kusemeshana kwa sauti ya chini, kwa sababu kukaa kimya na ndugu yako robo saa nzima ni kazi ngumu. Profesa alikuwa na sheria kali kuhusu muda huo: chai inapopikwa, jikoni haingii mtu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye meza yangu ya korido na madaftari, nikisubiri. Alichokuwa akikifanya huko ndani sikukijua, na sikuuliza.

Siku moja alikuja mama mkwe wa Kituruki na mwanawe na mke wa mwanawe. Nilikuwa sielewi lugha yao, lakini kwa macho nilielewa kila kitu. Tulikuwa tumebaki na viti vitatu tu chumbani. Mama mkwe alikaa kimoja, mwana kimoja, na kile cha tatu mama mkwe akakiwekea mkoba wake. Mke akasimama. Profesa akarudi na treyi. Aliweka chai mezani, akauchukua mkoba kwa mikono miwili kwa adabu zote, akaukagua mbele na nyuma, kisha akamuuliza yule mama swali. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta macho, na alipomaliza kuyafuta alikuwa analia. Baadaye nilitaka kujua alimuuliza nini. "Nilimuuliza mkoba huu ni nani katika familia," akasema, "kwa sababu umepewa kiti."

Alikuwa mkali kwa wanaojibu kwa niaba ya wengine, na sisi Wakongo tunao wengi. Baba mmoja wa kwetu, papa kama tunavyowaita, alikuja na mkewe na mabinti zake wawili. Kila swali, hata lililoelekezwa kwa mabinti, yeye ndiye aliyejibu. "Kwetu hakuna problème, Profesa. Batoto banasikia. Bibi, mke wangu huyu, anasikia. Donc, basi, ni kupita tu tulipita." Profesa akamwacha kwanza. Kisha akaweka kalamu chini. "Asante, papa," akaniambia nitafsiri. "Jibu lako nimelisikia mara sita na ni zuri. Sasa naomba la mtu mwingine." Yule papa alitazama dari muda mrefu. Binti mkubwa akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka hayakumalizika mpaka jua likahama dirisha. Walirudi mara kumi na zaidi. Papa huyo leo ukikutana naye Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, anamsifu Profesa kama vile wazo lilikuwa lake.

Kwangu mimi alikuwa na masharti ya kazi. Nisiongeze, nisipunguze, nisilainishe. Mtu akitukana, nitukane. Na mtu akilia, nikae kimya. "Kilio usinitafsirie, Mwalimu. Hicho nakisikia mwenyewe." Siku za mwanzo nilikuwa nasema, "Maman anasema ana huzuni," wakati maman hakusema chochote, alikuwa analia tu. Niliacha. Kazi nyingine niliyoifanya vizuri namna ile sikumbuki, na nasema hivyo bila aibu.

Sharti lake la mwisho ndilo lililoniuma: hashauri mtu anayefanya naye kazi. Na mimi nilikuwa na jambo langu la kushauriwa.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike mtaani Uccle, tumbo moja, ambaye hatukusemeshana tangu harusi yake. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka minane. Nikamlea mimi. Nilimsuka, nilimpeleka shule, nilimchapa alipostahili na mara nyingine asipostahili, nikamtafutia njia ya kuja Ulaya. Alipopata mchumba, nilijua nafasi yangu. Katika harusi zetu wamama wa bibi harusi wanavaa kitenge chao na wadada wanavaa chao, na mama ana kiti chake mbele pamoja na wazee. Mdogo wangu akaniletea kitenge yeye mwenyewe, kimekunjwa ndani ya plastiki, anatabasamu. Nikakitazama. Kilikuwa cha wadada. Cha wamama, na kiti, alimpa mama mdogo wetu wa Liège, ambaye alikuwa amemwona labda mara nne maishani.

Siku ya harusi sikwenda. Kitenge nikakitia chini kabisa ya kabati na plastiki yake. Hakunipigia simu, nami sikumpigia. Mwaka ukapita, ukafuata mwingine. Alipojifungua mtoto wa kike nilisikia kwa watu, nikiwa nanunua samaki wa chumvi karibu na Porte de Namur, na nililazimika kujifanya nilikuwa najua. Niliumia. Niliumia nikiwa kila siku nakaa mlangoni pa mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuziba mipasuko kama hiyo, na nilikatazwa kuingia.

Msidhani nawachorea malaika. Profesa alisema kuchelewa ni dharau, na yeye alichelewa kila siku ya Mungu. Siku Uturuki ikicheza mpira aliahirisha miadi bila haya. "Familia imekwama miaka tisa," alisema, "itasubiri dakika tisini." Sifa alizitoa kwa kijiko cha chai. Ripoti yangu ya kwanza aliisoma yote, akanirudishia, akasema, "Inasomeka." Nilikwenda nayo nyumbani nikaiweka kwenye fremu, kweli kabisa, na iko ukutani mpaka leo.

Kubwa kuliko yote ni hili la udada. Waturuki hawakumwita Profesa. Walimwita Abla, yaani dada mkubwa, na jina hilo hakulipenda. "Hilo si jina, ni kazi," aliwaambia kwa Kifaransa wasichana waliokuja kwake wamechoka kulea wadogo zao. "Mtu akikuita hivyo, kwanza muulize anataka nini." Mimi nilikuwa nasikiliza kwenye korido, yaya wa watu, maana dada mkubwa kwetu ndiyo yaya, nikaitikia kwa kichwa. Basi Jumapili moja alinialika kwa kaka yake, mtaa wa Koekelberg. Watu kumi na mmoja mezani. Profesa hakukaa. Alizunguka na vibilauri vyake vya chai, amejaza huku, ameondoa kule, kijana wa miaka ishirini na mitano ananyoosha mkono bila kutazama na shangazi yake anamwekea sukari. Tulipotoka nikamwambia, "Profesa, si juzi ulimwambia yule binti akae, wadogo zake wainuke wenyewe?"

"Nilimwambia yeye," akajibu, akafunga koti.

Zawadi alizikataa kabisa, kwa sababu za kazi. Maua alirudisha, manukato alirudisha. Lakini chakula kilimshinda. Kwa desturi ya kwao, sahani ya jirani ikija na kitu hairudi tupu, na mwanamke wa Kituruki akileta sahani ya maandazi yenye jibini, Profesa hakuweza kumwambia aibebe tena kama maua. Alikula, akaiosha, akaweka machungwa manne, akarudisha. Wiki inayofuata inakuja tena na kitu kingine. Kuna sahani moja yenye ua la bluu ambayo ilitembea kati ya kituo na nyumba moja ya barabara ile miaka minne. Katika faili la familia hiyo, kati ya maandishi mazito ya saikolojia, utakuta amejiandikia: sahani, imerudi na tini.

Hapo ndipo alipotoa swali lake maarufu. Badala ya kuwauliza wanawake, "Je, una watu wa kukusaidia?" ambalo kila mtu hujibu ndiyo kwa sababu ya heshima yake, aliuliza: "Sasa hivi, sahani zako ziko kwa nani?" Mwanamke wa Kituruki anaanza kuhesabu kwa vidole: moja kwa wifi, moja ghorofa ya tatu, bakuli kwa mama wa fulani. Na yule ambaye sahani zake zote ziko kabatini kwake, anagundua mwenyewe, hapo hapo kitini, kwamba yuko peke yake. Nimeona wanawake wakikaa kimya baada ya swali hilo kuliko baada ya jingine lolote. Hata watu wa chuo walilisifu.

Kisha akatuuliza sisi, na hapo ndipo Profesa wangu alipokosea vibaya.

Aliongea na wamama wa Katanga na wa Kivu mmoja baada ya mwingine, mimi nikitafsiri. "Maman, sahani zako ziko kwa nani?" Maman anashangaa. "Sahani yangu? Iko kwangu. Itaenda kufanya nini kwa batu?" Anayefuata: "Ziko mu kabati, zote. Hakuna muntu aliniibia." Na mwingine, na mwingine. Nilitafsiri kama nilivyoelekezwa, sikuongeza, sikupunguza. Ndani niliona kuna kitu hakikai sawa, lakini nilijiambia nimeajiriwa kutafsiri, si kufikiri. Huo ulikuwa uoga, na ulidumu wiki nyingi.

Siku moja akanipa kurasa zake nihakikishe maneno ya Kiswahili aliyoyanukuu. Nikafika mahali alipoandika kwamba wanawake wa Kikongo wa Brussels wana uhusiano mdogo sana kati yao, na kwamba wengi wanaishi wametengwa. Damu ilinipanda. Sisi? Sisi ambao mtu akifiwa huko Anderlecht, kabla machozi hayajakauka sebule yake imejaa watu wamekaa mpaka kwenye ngazi? Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Profesa, huu ni uongo."

Akavua miwani. "Endelea."

"Kwetu chakula hakitembei. Watu ndio wanatembea. Ukipika bukari, ugali wetu, unaita watu, wanakuja, wanakula kwako, sahani inabaki kwako. Sahani yako ikiwa kwa jirani, maana yake jirani hakurudisha, ni mwizi. Umewauliza wanawake kama wameibiwa, wakakujibu hapana."

Nilitegemea ajitetee. Aliniuliza swali moja tu. "Basi ninyi mnaweka wapi watu wenu?"

Nikamwambia achukue koti lake. Tukapanda tram mpaka kwangu, nikampeleka moja kwa moja chumbani, nikafungua kabati la vitenge. Akavua viatu, akakaa kitandani kwangu miguu imekunjwa, akatoa daftari. Nikaanza kutoa kimoja kimoja. Hiki, harusi ya binti wa jirani yetu wa Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi. Tulishona wanawake ishirini hapa hapa Brussels. Hiki, matanga ya baba wa rafiki yangu wa Bukavu. Hiki cheusi chenye ndege, matanga pia, tulivaa siku arobaini. Hiki, ubatizo. Mtu akikuchagulia kitenge ushone pamoja naye, amekuhesabu. Asipokuletea, umejua. Profesa aliandika mpaka kalamu ikaisha ncha, akaomba kisu akaichonga, akaendelea. Kila kitenge mstari wake: cha nani, cha nini, nani wengine walishona.

Tulipofika chini kabisa, nikafunga mlango wa kabati. "Ni hivyo tu," nikasema.

Alikuwa ameiona plastiki. Najua aliiona, maana alitazama pale chini, kisha akatazama daftari lake, akaruka mstari mmoja, akauacha mweupe, na chini yake akapiga mstari wa kumalizia. Hakuuliza. Tulikunywa chai ya majani ya kawaida, akaniambia mablanketi yangu ni mazuri, akaenda.

Kurasa zile zote alizifuta. Kazi ya miezi. Akaanza upya na swali jipya, kabatini mwako kuna vitenge vya nani, na wamama walewale, na safari hii kila mmoja aliongea mpaka tukapungukiwa na karatasi. Siku ya kuwasilisha chuoni, nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kwa sababu nilidhani nitatumwa maji. Profesa akasimama mbele ya mabwana wale na mabibi, akasema: "Mwanzo wa kazi hii nilikosea. Niliwapima watu kwa desturi ya nyumbani kwetu nikawaona wapweke. Aliyenirekebisha ni mwenzangu, amekaa pale mlangoni. Mwalimu, simama waone." Nikasimama. Nimeolewa, nimezaa, nimepewa uraia wa nchi hii. Siku niliyojivuna kuliko zote ni ile, na wengine wote wanisamehe.

Alistaafu baada ya mwaka elfu mbili na kumi, mgongo ukiwa umeshaanza kumsumbua. Siku ya mwisho tulifunga vitabu kwenye maboksi. Alipomaliza kuvaa koti, alisimama mlangoni, akaniambia, "Mwalimu, kuanzia Jumatatu hatufanyi kazi pamoja." Nikamjibu ndiyo, Profesa, najua, na tutakukumbuka sana, na mengine ambayo mtu husema. Nilikuwa nimefika nyumbani, natafuta funguo, ndipo maneno yake yaliponiingia.

Ilinichukua mwaka mzima. Kiburi changu ni kizito kubeba na kizito kutua. Halafu asubuhi moja nilitoa ile plastiki, nikaenda kwa fundi wa Matonge, nikamwambia anishonee kama wadada walivyoshona miaka ile, mikono mipana, na skati ndefu. Nikamwandikia mdogo wangu ujumbe wa neno moja: "Nimeshona." Siku tatu kimya. Siku ya nne akajibu: "Fasi gani tuonane?" Kwake sikutaka, kwangu hakutaka. Nikampigia Profesa.

"Nimestaafu," akasema.

"Ndiyo maana nakupigia."

Alikuwa amehamia Koekelberg, mtaa mmoja na kaka yake, ghorofa ya pili, Basilika inaonekana dirishani. Nilifika wa kwanza. Alifungua mlango akiwa ameshika fimbo, amepungua, nywele zote nyeupe. Alinitazama kuanzia mabegani mpaka chini.

"Hiki sikukiandika," akasema.

"Hapana, Profesa."

Mdogo wangu alifika baada ya dakika kumi. Miaka ilikuwa imemnenepesha kidogo, na alikuwa na miwani. Tulipeana mkono kama watu wa ofisini. Profesa akatuonyesha sebule, viti vinne visivyofanana, vilevile vya kituoni. Sijui aliwaomba vipi wampe. "Kaeni mnapopenda," akasema. "Naweka chai." Akaenda jikoni na fimbo yake, akauacha mlango wazi kiasi cha kiganja.

Mimi nilijua. Nimeona mchezo huo mamia ya mara kutoka upande wa korido, nawajua wanaokaa karibu na dirisha na wanaobaki wamesimama. Haikunisaidia hata kidogo. Nilikuta nimekaa kwenye kile chenye mikono, cha mzazi, na mdogo wangu amesimama anatazama picha ukutani. Nilipojiona hivyo niliona aibu. Nikainuka, nikahamia kwenye kiti cha mbao, na pembeni yangu kikabaki kingine. Baada ya muda akaja akakikalia.

Akashika mkono wa nguo yangu, kidole na gumba, kama anayekagua kitambaa dukani. "Ulishona."

"Nilishona."

"Ile modèle ni ya zamani, yaya."

"Harusi yenyewe ni ya zamani."

Akacheka kidogo, puani. Chai haikuja. Hatimaye nikasema nilichokuwa nacho. "Nilikulea miaka yote. Ukanipa cha wadada."

"Njo vile," akasema. "Nilikupa ya wadada." Alikuwa anazungusha pete yake. "Yaya, maman nilikuwa naye moja, alikufa. Mama Mudogo nilimuweka pale sababu kiti haiwezi kubakia bule, bila muntu, mbele ya batu. Ni kiti tu, bon. Weye nilikuwekaka karibu na miye. Nilitaka ile siku ucheze, ucheke, uwe muntu wangu. Tangu niko mutoto uko maman, uko maman, kila siku kunigombeza. Yaya sikuwaka naye. Nilisema, siku moja tu, na miye nipate yaya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nililia, na yeye akalia, na hakuna aliyekuwepo wa kututafsiria. Kisha tukaanza kuongea, bila mpango: mtoto wake anafanana na nani, mama alikuwa anaimba nini akifua, nani Lubumbashi bado yuko hai. Aliponionyesha picha za binti yake kwenye simu, niligundua kwamba jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Basilika, na chai bado haijaja. Nikaogopa. Mzee mwenye fimbo, peke yake, saa nzima. Nikasahau sheria, nikasukuma mlango wa jikoni.

Chai ilikuwa tayari. Ilikuwa tayari zamani. Jiko limezimwa, vibilauri vitatu vimepangwa kwenye treyi na sukari yake. Profesa alikuwa amesimama katikati ya jikoni, mikono miwili juu ya fimbo, magoti yanatetemeka. Kiti kilikuwepo pale karibu naye.

"Profesa, mbona hukukaa?"

"Kinalia," akaninong'oneza, akakionyesha kwa kidevu. "Mngenisikia, mngekumbuka kuna mtu."

Hata cha jikoni kituoni kilikuwa kinalia. Sasa nilikikumbuka. Miaka yote ile, familia zote zile, nusu saa nusu saa, kumbe alikuwa amesimama.

Nikamchukua mkono. Nikampeleka sebuleni, nikamkalisha kwenye kile kiti chenye mikono, mdogo wangu akampelekea stuli ya miguu. Akataka kuinuka kuchukua treyi, nikamzuia bega. Nikapasha chai upya, nikamimina kibilauri cha kwanza, nikamwekea sukari mbili kama anavyopenda, nikamkabidhi.

"Leo kaa, Abla," nikamwambia.

Alinitazama juu ya miwani yake. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

Akanywa.